Jitu la Vikapu Lililoangushwa na Mfupa Mdogo

Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu mmoja wa binadamu una mifupa 26, na mmoja kati ya hiyo umepewa jina la chombo cha baharini. Ibn Sina, yule tabibu mashuhuri wa karne ya 11, alipoieleza mifupa ya mguu katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba, aliuita zauraki, na zauraki kwa Kiarabu ni mashua ndogo. Wazungu nao wanauita navikula, neno la Kilatini lenye maana ile ile. Ukitaka kujua ulipo, zitazame nyayo za mtu aliyepita ufuoni maji yakiwa yametoka. Kisigino kimechora mchangani, vidole vimechora, lakini katikati, upande wa ndani, mna pengo. Juu ya pengo hilo ndipo ilipopandishwa mashua yenyewe, na uzito wa mwili unaposonga kutoka kisiginoni kwenda vidoleni hauna budi kuipitia.

Kwa mtu wa kawaida mashua hii husafiri umri mzima bila ya kuvuja. Lakini kwa mtu mwenye urefu wa karibu futi saba, ambaye kazi yake ni kuruka na kutua juu ya sakafu ya mbao usiku hata usiku, huweza kupasuka. Ndivyo yalivyomfika Bill Walton, Mmarekani aliyetawazwa kuwa mchezaji bora wa ligi kuu ya mpira wa vikapu ya nchi yake, ile iitwayo NBA, mwaka 1978. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kama angerudi uwanjani akawa mchezaji tena.

Habari zake zafaa kusimuliwa hata kwetu huku, ambako wengi wetu hupenda kandanda kuliko vikapu. Ndani yake mna swali linalomhusu kila mzazi mwenye kijana anayecheza, na kila kijana aliyewahi kuambiwa "jikaze" na huku mguu unamuuma. Swali lenyewe ni hili: maumivu yakinyamazishwa, je, maradhi nayo yamekwisha?

KIJANA WA CALIFORNIA

Walton alizaliwa Novemba 5, 1952, katika mji wa La Mesa karibu na San Diego, jimbo la California. Alikuwa na nywele nyekundu, urefu wa futi 6 na inchi 11, na kigugumizi kilichomfanya asiweze kuzungumza vizuri mbele za watu hadi alipokuwa na umri wa miaka 28. Aliyoshindwa kuyasema kwa ulimi aliyasema kwa mpira.

Nafasi yake ilikuwa ya senta. Kwa asiyeujua mchezo huu, senta ndiye yule mrefu anayesimama karibu na kikapu. Akilinda, huzuia mipira ya maadui isiingie. Mpira ukikosa kikapu ukarudi, yeye ndiye wa kuudaka. Na akishambulia, timu nzima humzunguka yeye. Kwa sababu hiyo huruka kuliko wenzake, na kila anaporuka hutua, mara nyingine juu ya mguu mmoja katikati ya msongamano wa watu wazito kama yeye.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, maarufu kwa jina la UCLA, chini ya kocha John Wooden. Chuo hicho ndicho alichopitia kabla yake Kareem Abdul-Jabbar, bingwa aliyesilimu akaliacha jina lake la zamani la Lew Alcindor. Wakati wa Walton, UCLA ilishinda mechi 88 mfululizo. Katika fainali ya vyuo ya mwaka 1973 dhidi ya Memphis State, Walton alirusha mpira kikapuni mara 22 akakosa mara moja tu, akafunga pointi 44.

Mwaka 1974 alichukuliwa na timu ya Portland Trail Blazers, akiwa wa kwanza kuchaguliwa miongoni mwa vijana wote wa mwaka ule. Lakini tangu hapo mwanzo mwili wake haukuwa ukimkubalia. Msimu mmoja wa NBA una mechi 82 kwa kila timu. Walton alicheza 35 katika msimu wake wa kwanza na 51 katika wa pili. Nyingine alizitazama akiwa ameketi.

Msimu wa tatu, wa 1976-77, alipata afya ya kutosha, na Portland ikapata kilichokuwa hakijapata kutokea. Katika nusu fainali walikutana na Los Angeles Lakers ya Kareem wakaishinda mechi nne kwa sufuri. Katika fainali walipoteza mechi mbili za mwanzo mbele ya Philadelphia ya Julius Erving, kisha wakashinda nne mfululizo. Siku ya mwisho, Juni 5, 1977, Walton alifunga pointi 20, akadaka mipira 23 iliyokosa kikapu, na akazuia minane iliyokuwa ikielekea kikapuni kwao. Taji lile limebaki la pekee kwa Portland hadi leo.

SINDANO

Msimu uliofuata ulianza kama ndoto njema. Katika mechi 60 za kwanza Portland ilishinda 50. Watu walikuwa wakijiuliza kama pamewahi kuwa na timu iliyocheza kwa maelewano kama ile. Hapo ndipo mguu wa Walton ulipokataa. Alikuwa amecheza mechi 58 tu, lakini kazi aliyoifanya katika hizo 58 ilitosha kumpa heshima ya mchezaji bora wa ligi nzima. Bila yake, katika mechi 22 zilizosalia, Portland ilishinda nane.

Ikafika michezo ya mchujo, mwezi wa Aprili 1978, na wapinzani walikuwa Seattle. Mji mzima ulikuwa ukimngoja. Walton akarudi uwanjani, na mguu ulipozidi kumsumbua, alidungwa sindano ya ganzi ili aweze kucheza mechi ya pili. Akacheza. Baada ya mechi ile picha ya eksirei ikaonyesha kwamba ule mfupa wa mashua katika mguu wake wa kushoto umevunjika. Walton hakuivaa tena jezi ya Portland katika mechi.

Hapa yafaa tusimame kidogo, msomaji, tuifahamu kazi ya sindano ya ganzi. Maumivu ni mjumbe. Pale mfupa unapoanza kuchoka, hupiga mbiu kwa njia ya uchungu, na mwenye mwili, akiisikia mbiu, hupunguza mwendo, huchechemea, hukaa kitako. Kuchechemea kwenyewe ni dawa, maana ndiko kunakouondolea mfupa uzito. Sindano ya ganzi haiugusi ufa hata kidogo. Kinachotendeka ni kwamba mjumbe amefungwa mdomo, na mwenye mwili, kwa kuwa hasikii kitu, anakimbia na kuruka kwa nguvu zake zote juu ya mfupa ulioanza kupasuka.

Tena mfupa huu wa mashua una hila zake. Sehemu yake ya katikati hupata damu kidogo, na mfupa usiopata damu vizuri huchelewa kuunga. Ufa wake huanza mwembamba kama unywele, mara nyingi usionekane kabisa katika eksirei ya kawaida, hata mgonjwa akaonekana kwamba analalamika bure. Siku hizi madaktari wana mashine za kupiga picha zilizo kali zaidi, nao wakiuona ufa wa namna hiyo humkataza mgonjwa kuukanyagia mguu kwa muda wa wiki sita hadi nane, na pengine humpasua wakautia skurubu. Wazee wetu waliotuachia ile methali ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na mashine hizo, lakini jambo lenyewe walilijua.

LAWAMA

Walton alikasirika. Aliulaumu uongozi wa timu kwamba haukuyatibu majeraha yake wala ya wenzake kwa njia ya haki, akataka auzwe kwingine, na msimu mzima wa 1978-79 hakucheza. Baadaye aliwashtaki madaktari, na shauri hilo likamalizwa nje ya mahakama. Mwandishi David Halberstam, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya timu ile, ameonyesha jinsi jeraha la mtu mmoja lilivyovunja urafiki wa watu wengi waliokuwa kama ndugu.

Kosa lilikuwa la nani? Si rahisi kuamua. Hakuna aliyemshika Walton mikono akamdunga kwa nguvu. Alikuwa mtu mzima na aliukubali mkono wa daktari. Lakini hebu tuitazame hali aliyokuwamo. Wenzake wanamtazama. Mashabiki wanaliimba jina lake. Wenye timu wana fedha zao ndani yake. Na daktari mwenyewe analipwa na timu, wala si na mgonjwa. Daktari wa namna hiyo ana mabwana wawili: mmoja ni mguu wa mgonjwa, unaotaka miezi, wa pili ni ratiba ya michezo, inayotaka keshokutwa. Anapoulizwa kama mchezaji anaweza kucheza, pengine hujibu swali hilo kwa ukweli. Swali ambalo halikuulizwa ni kama anafaa kucheza.

Na yafaa pia tuseme la upande wa pili. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, Walton alirudi Portland akawaomba radhi watu wa mji ule kwa jinsi alivyoondoka. Hakuwa akisema kwamba mguu haukuvunjika. Alikuwa akikiri kwamba ugomvi nao ulikuwa na maumivu yake, na kwamba walioumia hawakuwa yeye peke yake.

MIAKA YA KUNGOJA

Mwaka 1979 alijiunga na San Diego Clippers, timu ya nyumbani kwao. Watu wa San Diego walidhani wamepata lulu. Akacheza mechi 14, mguu ukakataa tena. Msimu wa 1980-81 hakucheza hata mechi moja. Msimu wa 1981-82 hakucheza hata mechi moja. Ukiihesabu misimu minne tangu 1978 hadi 1982, timu zilikuwa na mechi 328, na mchezaji bora wa ligi alikuwa ameonekana katika 14.

Ni vigumu kwa mtu ambaye mwili wake ndio kazi yake kukaa bure namna hiyo. Kila akiamka asubuhi hukanyaga sakafu kwa hofu, akisikiliza. Siku mbili njema humpa matumaini. Siku ya tatu uchungu ukirudi, huona kwamba amerudi alipoanzia. Walton alikwenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Stanford. Katika miaka hiyo pia madaktari walifanya jambo la kijasiri. Waliona kwamba tao la unyayo wake lilikuwa refu mno, na kwamba kila anapotua mshindo wote ulikuwa ukiangukia mifupa ya juu ya tao hilo. Wakaupasua mguu wakalishusha tao, mfano wa fundi anayegundua kwamba ufa wa ukutani unarudi kila akiupaka chokaa kwa sababu msingi umekaa vibaya.

Msimu wa 1982-83 akaanza tena, lakini safari hii kwa adabu. Mwanzoni alicheza mechi moja kwa wiki, na siku nyingine akawa darasani na vitabu vyake. Mwisho wa msimu alikuwa na mechi 33. Msimu uliofuata 55. Uliofuata 67. Hakuna gazeti lililopiga kelele kwa hesabu hizo. Clippers ilikuwa timu dhaifu, na yule jitu wa 1977 hakuonekana tena. Aliyeonekana alikuwa mtu mwangalifu anayejua idadi ya miruko iliyomo mguuni mwake.

BOSTON

Mwaka 1985, akiwa na miaka 32, alimpigia simu Red Auerbach, mkubwa wa timu ya Boston Celtics, akaomba nafasi. Walton mwenyewe alipenda kusimulia kwamba Larry Bird, nyota wa Boston, aliposikia habari hizo alisema kuwa Walton akijiona mzima basi kwake yeye yatosha. Biashara ikafanywa, na Walton akavaa kijani.

Boston ilikuwa na senta wake, Robert Parish. Husimuliwa kwamba Walton alimwendea Parish kumhakikishia kuwa hakuja kumpokonya nafasi yake. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuwa wa kwanza katika nchi nzima, sasa anabisha hodi kuomba ruhusa ya kuketi benchi. Nadhani hapo ndipo aliporudi hasa, kabla hata hajaugusa mpira.

Msimu ule wa 1985-86 alicheza mechi 80, idadi ambayo hakuwahi kuifikia hata katika ujana wake. Katika mechi ya dakika 48 yeye alipewa kama dakika 19 hivi, Parish akipumzika. Alifunga wastani wa pointi 7 na ushei, ambapo zamani alikuwa akifunga 18. Lakini pasi zake zilikuwa zile zile, na Boston ikashinda mechi 67 na kupoteza 15. Nyumbani kwao walipoteza moja tu. Walton akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa akiba. Katika fainali walikutana na Houston Rockets, timu ya Mnaijeria kijana ambaye wakati huo jina lake likiandikwa Akeem Olajuwon, yule ambaye baadaye tulimjua kama Hakeem, Mwislamu aliyekuwa akifunga Ramadhani na huku anacheza. Boston ilishinda mechi nne kwa mbili. Miaka minane ilikuwa imepita tangu ile sindano.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Msimu uliofuata Walton alicheza mechi 10, na hazikuongezeka tena. Mwaka 1990 vifundo vyake vya miguu viliungwa kwa upasuaji, mfupa na mfupa, visikunjike tena, ili apate kutembea bila ya uchungu.

WENGINE WALIOPITA NJIA HIYO

Tangu wakati wake masenta wengine wamepasukwa na mifupa ya miguu, na mwisho wao haukuwa mmoja. Yao Ming wa Uchina, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 6, alipata ufa katika mguu wa kushoto mwaka 2008, mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Beijing. Nchi yake nzima ilimtaka aonekane, naye akapona haraka akacheza. Mei 2009 mguu ule ule ukapasuka tena. Alikaa msimu mzima, akarudi mwaka 2010 akipimiwa dakika 24 kwa mechi kama mgonjwa anayepimiwa dawa, akacheza mechi tano tu. Julai 2011 akastaafu, na miaka 30.

Zydrunas Ilgauskas wa Lithuania alikuwa amekatiwa tamaa kabisa. Kati ya 1998 na 2001, katika misimu mitatu, timu yake ya Cleveland ilimwona katika mechi 29. Naye alibadilishwa umbo la mguu kwa upasuaji, akangoja, akarudi, na mwaka 2003 na 2005 alichaguliwa katika timu ya nyota wa ligi. Joel Embiid, kijana wa Yaoundé nchini Cameroon, alivunjika mfupa huo huo wa mashua katika mguu wa kulia mwaka 2014, kabla hajacheza mechi hata moja ya NBA. Alipasuliwa mara mbili, akakosa misimu miwili mizima, na watu wakamcheka. Mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa ligi, ingawa magoti nayo yamekuwa yakimdai.

Haifai basi kusema kwamba anayesubiri hupona na mwenye haraka huangamia. Wapo waliosubiri na mguu ukawakatalia. Lakini ukiwatazama wote hawa, waliorudi wakadumu ni wale ambao mtu fulani alikubali kupoteza msimu kwa ajili yao.

HESABU YA MWISHO

Bill Walton alifariki Mei 27, 2024, kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 71. Kigugumizi alikuwa amekishinda zamani, akawa mtangazaji wa michezo aliyependwa kwa maneno mengi. Kwa hesabu yake mwenyewe alipasuliwa zaidi ya mara 30 katika maisha yake. Tangu 1974 hadi 1987 ni misimu 13, yenye mechi 1,066. Yeye alicheza 468.

Huku kwetu hatuna NBA, lakini viwanja vya mchanga tunavyo, na vijana wanaocheza pekupeku kombe la mtaa jioni baada ya Alasiri. Kijana akiumia, hukandwa kwa mafuta, hufungwa kitambaa, na wenzake humwambia ni dakika ishirini tu zimebaki. Siku hizi hata vidonge na sindano za kutuliza maumivu hupatikana kwa urahisi dukani. Mzazi, usimwulize mwanao kama anaweza kucheza. Kijana yeyote atakujibu kuwa anaweza. Mtazame anavyotembea asubuhi, anapotoka kitandani, kabla mguu haujapata moto. Akiwa anachechemea siku ya pili na ya tatu, na akikuonyesha kwa kidole mahali pamoja pale pale juu ya tao la unyayo, mpeleke hospitali apigwe picha, na kombe la mtaa lichezwe na wengine.